Wasomaji Wauliza: Haki za Waliopanga kwa Miaka Mingi

Barua tatu tunazozijibu mwezi huu zimetoka Mombasa na Malindi, na zote zinahusu upangaji uliodumu muda mrefu kiasi kwamba baadhi ya waliouanzisha wameshafariki. Tumezifupisha na kuondoa majina. Majibu yanafuata sheria za Kenya. Msomaji wa Tanzania au Uganda asiyachukue yalivyo, kwa kuwa huko sheria za ardhi na za upangaji ni nyingine.

Nyumba yetu, ardhi ya mwingine

*Assalaam aleikum. Marehemu baba yangu alijenga nyumba ya Kiswahili huku Majengo, Mombasa, kwenye kiwanja kisicho chake, akawa akilipa kodi ya ardhi kila mwezi. Alipofariki niliendelea kulipa mimi, na stakabadhi ninazo tangu mwaka 1968. Mwenye ardhi naye alifariki, na mjukuu wake ameuza kiwanja. Mnunuzi ametuma vijana watuambie tuhame katika siku 14, na ajenti wake amekataa kupokea kodi ya miezi miwili. Jirani yangu anasema kwamba kwa vile tumekaa zaidi ya miaka 12, ardhi imeshakuwa yetu. Je, ni kweli? Na nyumba yenyewe ni ya nani?*
— Mama wa Majengo, Mombasa

Wa aleikum salaam, mama. Nianze na swali lako la mwisho, kwa kuwa ndilo lenye jibu la kukutuliza: nyumba ni yenu. Kwa kawaida sheria ya Kenya, iliyorithi misingi ya Uingereza, huhesabu kila kilichojengwa juu ya ardhi kuwa sehemu ya ardhi hiyo, na kwa hiyo mali ya mwenye ardhi. Lakini Pwani, na hasa Mombasa, pana utaratibu wa miaka mingi unaojulikana kama nyumba bila ardhi, ambapo mmoja anamiliki kiwanja, mwingine anamiliki jengo lililo juu yake, na mwenye jengo humlipa mwenye kiwanja kodi ya ardhi. Mahakama zimeutambua. Katika kesi nambari 34 ya mwaka 2005 iliyosikilizwa na Mahakama Kuu ya Malindi, jaji aliueleza kuwa mfumo wa pekee wa umiliki ulioenea Mombasa, unaotofautiana na msingi huo wa sheria, na mawakili wa Pwani wameendelea kuinukuu hukumu hiyo mpaka leo. Kwa hiyo nyumba aliyoijenga marehemu baba yako iliingia katika mirathi yake kama mali yake nyingine yoyote. Mkiwa ni Waislamu, mgawo wake unaweza kuamuliwa katika Mahakama ya Kadhi. Ikiwa hamjafanya hivyo, fanyeni mapema, kwa sababu mtakapofika mbele ya hakimu au mezani kwa mazungumzo, swali la kwanza mtakaloulizwa ni nani hasa mwenye nyumba kwa sasa.

Sasa zitazame stakabadhi zako kwa makini, moja moja. Angalia kama zina nambari ya ploti, jina la aliyelipa, mwezi unaolipiwa, na sahihi au muhuri wa aliyepokea. Zaidi ya yote, soma maneno yanayoeleza malipo ni ya nini. Stakabadhi iliyoandikwa «kodi ya ardhi» au «kodi ya kiwanja» inathibitisha kwamba nyumba haikuwa ya mwenye ardhi. Iliyoandikwa «kodi ya nyumba» inaweza kutumiwa dhidi yako, kana kwamba mlikuwa wapangaji wa vyumba tu. Nimeona vitabu vya stakabadhi ambamo maneno hayo yalibadilika kimyakimya ajenti mpya alipoanza kazi, na wenye nyumba hawakulitambua mpaka kesi ilipofunguliwa. Ukikuta mabadiliko ya namna hiyo, tenga zile za zamani mahali pa salama, zitolee nakala, na usimkabidhi mtu yeyote zile za asili.

Kuhusu miaka 12, jirani yako amesikia jambo la kweli akalitumia mahali pasipo pake. Sheria ya Ukomo wa Muda wa Mashtaka, Sura ya 22, inasema kwamba mwenye ardhi asiyechukua hatua kwa miaka 12 hupoteza haki ya kumdai ardhi yake mtu aliyeikalia, na kifungu cha 38 kinamruhusu mkaaji huyo kuiomba mahakama imsajili kuwa mmiliki. Lakini ukaaji unaohesabiwa hapo ni wa mtu aliyekaa kinyume na haki ya mwenyewe, wazi na bila idhini yake. Anayelipa kodi anakaa kwa idhini, na kila stakabadhi anayoipokea ni ushahidi kwamba anamkubali mwenzake kuwa mwenye ardhi. Hata miaka 50 ya kulipa kodi haizai umiliki wa ardhi. Katika upangaji usio na mkataba wa maandishi, miaka hiyo huanza kuhesabiwa tangu tarehe ambayo kodi ilipokewa kwa mara ya mwisho. Kwa hiyo anayeweza kuzungumzia miaka 12 ni yule ambaye mwenye ardhi wake alitoweka zamani na hapakuwa na mtu wa kuja kudai kodi muda wote huo. Wewe umelipa mpaka juzi. Nakusihi usiache kulipa kwa matumaini ya kuanzisha hesabu hiyo, kwa kuwa utakuwa umempa mnunuzi sababu ya kukuondoa ambayo sasa hana.

Huyo mnunuzi, kwa upande wake, hakununua kiwanja kitupu. Kifungu cha 28 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 kinataja haki zinazomfunga mmiliki hata kama hazikuandikwa kwenye hati, na miongoni mwake ni upangaji wa vipindi, yaani ule wa mwezi kwa mwezi au mwaka kwa mwaka. Sheria ya Ardhi ya mwaka huohuo, kifungu cha 57, inaeleza kwamba mtu anayeruhusiwa kukaa kwenye ardhi kwa kulipa kodi bila mkataba wa maandishi huhesabiwa kuwa na upangaji wa aina hiyo. Mnunuzi amechukua nafasi ya mwenye ardhi wa awali, pamoja na mzigo wa kukutambua. Vilevile inafaa kuhakikisha kwamba mjukuu alikuwa na uwezo wa kuuza. Chini ya Sheria ya Mirathi, Sura ya 160, msimamizi wa mali ya marehemu haruhusiwi kuuza ardhi kabla mahakama haijathibitisha hati yake ya usimamizi. Mtume mtu akafanye upekuzi rasmi katika ofisi ya usajili wa ardhi ajue nani ameandikishwa, lini, na kama kiwanja si mali ya wakfu, kwa maana viwanja vingi vya Mombasa ni vya wakfu na haviuzwi kama mali ya kawaida.

Ama kuhusu siku 14, hazina msingi wowote. Kuusitisha upangaji wa vipindi kunahitaji ilani isiyopungua kipindi kinacholipiwa kodi, na baada ya hapo kumwondoa mtu kwa nguvu kuna utaratibu wake tofauti. Vifungu vilivyoongezwa katika Sheria ya Ardhi mwaka 2016 vinamtaka mwenye ardhi ya kibinafsi ampe anayedaiwa kukaa bila haki ilani ya maandishi isiyopungua miezi 3, kwa lugha ya taifa na lugha rasmi, na nakala zipelekwe kwa naibu kamishna wa kaunti na kwa mkuu wa polisi wa eneo. Aliyepewa ilani ana haki ya kwenda mahakamani kuipinga. Vijana waliotumwa kubisha hodi na kutoa vitisho si ilani. Wakirudi, andika tarehe, maneno waliyoyasema na majina ya mashahidi, kisha upige ripoti kituoni na uchukue nambari ya kitabu cha matukio.

Kodi iliyokataliwa iendelee kutolewa. Ipeleke kila mwezi mbele ya shahidi asiye wa nyumbani kwako. Ikikataliwa, mwandikie ajenti barua fupi ya kueleza kwamba ulifika tarehe fulani na kiasi fulani, ubaki na nakala, na fedha zenyewe uziweke kando bila kuzigusa. Mwenye nambari ya simu ya kupokea malipo atumiwe kwa simu, kwa sababu ujumbe wa malipo unabeba tarehe na jina. Hila ya kukataa kodi ili baadaye idaiwe kwamba mpangaji ana malimbikizo ni ya zamani sana, na dawa yake ni ushahidi kwamba ulikuwa tayari kulipa siku zote.

Yapo ambayo sheria haikuyatengeneza, na hili linaniuma. Hakuna sheria ya Bunge inayosema waziwazi kwamba mwenye nyumba bila ardhi alipwe thamani ya nyumba yake anapoondolewa, wala inayoweka ilani inayolingana na nyumba ya mawe iliyokaa vizazi vitatu. Mpangaji wa duka la miezi sita ana baraza lake la kuamua migogoro ya kodi, na fomu zake, ilhali familia iliyojenga vyumba sita, ukumbi na ua kwa jasho lake inaachwa itegemee busara ya jaji. Kwa hiyo kazi ya wakili wako katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi itakuwa kuomba zuio dhidi ya ubomoaji na, ikiwa upangaji utasitishwa, kuomba fidia ya jengo, na mtathmini awe ameshalikagua na kuandika ripoti kabla ya mashauri kuanza. Wakati huohuo msifunge mlango wa mazungumzo. Wenye nyumba waliomwendea mwenye ardhi kwa pamoja, wakataka kununua vipande vilivyo chini ya nyumba zao kwa bei ya soko, wamewahi kufanikiwa mahali ambapo mmoja mmoja wangeshindwa. Na mnunuzi mwenye kesi mahakamani na ardhi asiyoweza kuijenga husikiliza zaidi kuliko alivyosikiliza siku alipotuma vijana.

Duka la miaka 17 bila mkataba

*Ndugu mwandishi, ninauza nafaka Malindi katika duka nililolikodi miaka 17 iliyopita. Niliingia kwa kulipa kilemba, yaani fedha za kuingilia dukani, na tukaandikiana mkataba wa miaka 2, ambao ulipokwisha hatukuandika mwingine. Nimeweka sakafu mpya na mlango wa chuma kwa ruhusa ya mwenye jengo. Wiki iliyopita alinitumia ujumbe wa simu kwamba kuanzia mwezi ujao kodi inapanda kutoka shilingi 18,000 hadi 35,000, na nisipokubali ataweka kufuli yake. Nifanye nini?*
— Mfanyabiashara, Malindi

Ndugu yangu, kukosa mkataba kunakutia hofu, lakini katika biashara ndiko kunakokulinda zaidi. Sheria ya mwaka 1965 ya wenye majengo na wapangaji wa maduka, hoteli na nyumba za chakula, Sura ya 301, inalinda upangaji wa duka usioandikwa, na ule ulioandikwa kwa muda usiozidi miaka 5. Upangaji wako unaingia humo bila shaka. Isingekuwa hivyo kama mwenye jengo angekuwa serikali au mamlaka ya kaunti, na jambo hili wenye vibanda katika masoko ya umma hulisahau mara nyingi, wakaenda kwenye Baraza la Kuamua Kodi za Majengo ya Biashara na kurudishwa mlangoni.

Ukiwa chini ya ulinzi huo, mwenye jengo hawezi kukupandishia kodi, kubadilisha sharti lolote au kukuondoa isipokuwa kwa ilani iliyo katika fomu iliyowekwa na kanuni, inayotaja sababu zake, na isiyoanza kufanya kazi kabla ya miezi 2 tangu ulipoipokea. Ujumbe wa simu si ilani hiyo. Unaweza kuendelea kulipa shilingi 18,000 kwa tarehe zilezile, wala usichelewe hata siku moja katika kipindi hiki, kwa sababu malimbikizo ya miezi miwili, au mazoea ya kuchelewa, ni miongoni mwa sababu ambazo sheria inamkubalia mwenye jengo kuzitumia kumwondoa mpangaji.

Naamini atashauriwa, na ilani sahihi itakuja. Hapo ndipo wengi huteleza, kwa kuiweka kabatini wakidhani kimya ni kukataa. Kimya ni kukubali. Ukiipokea, una mwezi mmoja wa kumjulisha kwa maandishi kwamba hukubaliani nayo, na kabla ya tarehe iliyotajwa ndani yake ni lazima uwe umefungua shauri katika baraza hilo. Shauri likishafunguliwa, ilani inasimama mpaka baraza liamue. Usipolifungua, ilani inatimia na kodi mpya inakuwa kodi. Mbele ya baraza, swali la nyongeza ya kodi huamuliwa kwa kulinganisha na majengo ya jirani, kwa hiyo anza sasa kuwauliza wenzako wa mtaa huo wanalipa kiasi gani kwa futi ngapi za duka, na utafute mtathmini ikiwa tofauti ni kubwa. Sikuahidi kwamba kodi itabaki 18,000. Ikiwa haijaguswa kwa miaka mingi, baraza laweza kuona kwamba mwenye jengo naye anastahili nyongeza, na hilo ni haki. Linalokatazwa ni yeye kuwa mdai na hakimu kwa wakati mmoja.

Kufuli ni kosa kubwa zaidi kuliko nyongeza. Mwenye jengo haruhusiwi kukufungia duka, wala kuleta madalali wakamate magunia yako kwa madai ya kodi bila ruhusa ya baraza. Akifanya hivyo, nenda siku hiyohiyo; baraza lina uwezo wa kupokea lalamiko na kutoa amri ya haraka ufunguliwe. Piga picha za duka likiwa na bidhaa zake sasa, kabla ya ugomvi, uwe na orodha ya mali iliyomo.

Kuhusu sakafu, mlango na jina ulilojijengea kwa wateja, sheria hiyo inalipa baraza mamlaka ya kumfidia mpangaji, upangaji unapositishwa, kwa hasara ya wateja na sifa ya biashara yake na kwa maboresho aliyoyafanya kwa idhini ya mwenye jengo. Neno lenye uzito hapo ni idhini. Ikiwa ruhusa ilitolewa kwa mdomo, mwandikie leo barua ya heshima ukimkumbusha kwamba mwaka fulani alikuruhusu kuweka sakafu na mlango, na ukitaja gharama. Asipoikanusha, umepata ushahidi. Kilemba ni suala gumu zaidi, kwa kuwa mara nyingi hulipwa mkononi bila karatasi. Kama una stakabadhi au shahidi, mpe wakili wako aione, lakini usiijenge kesi yako juu yake.

Asiyeridhika na uamuzi wa baraza, awe wewe au yeye, ana siku 30 za kukata rufaa.

Mwenye nyumba naye ana haki gani?

*Kila mara mnawatetea wapangaji. Mimi ni mstaafu, nimerithi nyumba Mji wa Kale, Mombasa, na orofa ya chini anakaa mpangaji aliyeingia zama za baba yangu. Analipa shilingi 1,800 kwa mwezi. Paa linavuja na siwezi kulitengeneza kwa fedha hiyo. Je, naweza kumpandishia au kumtoa?*
— Mwenye nyumba, Mji wa Kale

Mzee wangu, shikamoo, na lawama yako nimeipokea kwa sababu ina ukweli ndani yake. Nyumba za kuishi ambazo kodi yake ya kawaida haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi ziko chini ya Sheria ya Udhibiti wa Kodi, Sura ya 296. Kwa nyumba iliyokuwa imepangishwa tarehe 1 Januari 1981, kodi ya kawaida ni ile iliyokuwa ikilipwa siku hiyo. Kiwango cha shilingi 2,500 kimebaki palepale huku bei ya mfuko wa saruji ikipanda mwaka hata mwaka, na matokeo yake ndiyo hayo ya kwako: mpangaji amelindwa ndani ya nyumba ambayo hakuna mwenye uwezo wa kuitengeneza. Mswada wa Mwenye Nyumba na Mpangaji wa mwaka 2021 ulikusudia kuziunganisha sheria hizi za zamani kuwa moja, lakini haukufikia kuwa sheria.

Kwa hali ilivyo, usipandishe kodi kwa kauli yako mwenyewe. Peleka maombi katika Baraza la Udhibiti wa Kodi, ambalo lina mamlaka ya kupima na kuweka kodi ya kawaida, na uende na makadirio ya fundi juu ya paa, risiti za kodi za kaunti unazolipia nyumba, na picha. Kumbuka pia kwamba Mji wa Kale ni eneo la hifadhi, na kabla ya kugusa sura ya jengo unahitaji idhini ya ofisi ya uhifadhi iliyo chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Barua yao ya masharti itakusaidia kulionyesha baraza kwa nini ukarabati wako una gharama kuliko wa mtaa mwingine.

Kumtoa kunawezekana kwa sababu zilizotajwa katika kifungu cha 14 cha Sheria hiyo ya Udhibiti wa Kodi, kama vile kutolipa kodi, kuharibu nyumba, kuwa kero kwa majirani, au wewe kuihitaji kwa makazi yako, na hata hapo baraza ni lazima liridhike kwamba kumwondoa ni jambo la haki kwa kuzingatia hali zenu wote wawili. Kukamata vyombo vyake bila ruhusa ya baraza, kukata maji au kung'oa mlango kutakugeuza kuwa mshtakiwa.

Kuna njia moja ambayo ningeijaribu kabla ya zote. Mpangaji huyo analala chini ya paa hilohilo linalovuja. Mwite pamoja na mtu mnayemheshimu nyote wawili, mkae barazani, umwonyeshe makadirio ya fundi, kisha mpatane kiasi ambacho yuko tayari kuongeza. Mkikubaliana, msianze kulipana kwanza: andikeni makubaliano, kila mmoja atie sahihi, na myapeleke mbele ya baraza yathibitishwe kama amri yake, ili pasiwe na mrithi wa upande wowote atakayedai kesho kwamba nyongeza hiyo ilitozwa kinyume cha sheria.